Gari Lililochemka Penye Baridi

Wako wanaume ambao, gari likiharibika, hawalitazami gari. Humtazama kwanza aliyekuwa amepanda, na akiwa mwanamke, uchunguzi umekwisha. Niliwajua vizuri watu wa namna hiyo nilipokuwa Karatu mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa bibi maendeleo kijana mwenye cheti cha chuo, koti moja la sufu, na ruhusa ya kutumia gari la ofisi mara moja kwa mwezi. Leo nina umri wa mtu aliyekwisha kuzoea mambo mengi. Hilo sijalizoea.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Alfajiri nilimpitia muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto pamoja na sanduku lake la chanjo, tukapanda mlima wa Ngorongoro kwa barabara ya msituni, tukazunguka ukingo wa kreta, kisha tukateremka upande wa pili hadi Olbalbal, ambako akina mama wa Kimasai walikuwa wakitungoja na watoto wao. Ndani ya sanduku kulikuwa na chupa ndogo za chanjo ya surua zilizozungushiwa barafu, na barafu hiyo iligandishwa kwa shida katika jokofu la mafuta ya taa. Ikidumu mpaka tufike, tulikuwa tumebeba kinga. Ikiyeyuka njiani, tulikuwa tumebeba maji. Surua katika maboma yale haikuwa ugonjwa wa kusimuliwa. Kila mama alijua mtoto wa nani ilimchukua na wa nani ilimwacha bila macho.

Kwa hiyo nilipolisikia gari likianza kutokota kama sufuria ya makande, sikuwaza injini. Niliwaza barafu.

Gari letu lilikuwa la kijani, la turubai, na kwa miaka kadhaa lilikuwa limepanda mlima ule bila kulalamika. Lilianza kuchemka baada ya kutengenezwa. Naomba msomaji alishike neno hilo, kwa maana hakuna mwingine aliyelishika. Lilipelekwa gereji likiwa zima, kubadilishiwa mafuta na kukazwa breki, likarudi likiwa gonjwa.

Fundi wa gereji ile alikuwa mtu wa Kilimanjaro kama mimi, mcheshi, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuhutubia. Juu ya mlango wake alikuwa ametunga kwenye waya themostati za magari, moja baada ya nyingine, kama mtu anavyoanika samaki. Themostati ni kidude cha shaba kinachokaa juu ya injini na kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ikishalipata, hufunguka yenyewe. Fundi yule alikuwa na imani yake juu ya kidude hicho, na imani hiyo ilikuwa imeenea katika mji mzima.

"Hiki ni cha Ulaya," aliwaambia madereva, akikigeuzageuza kidude mkononi. "Kule kuna theluji, gari linahitaji blanketi. Huku kwetu joto tunalo la bure! Cha nini kukaa kinaziba maji? Toa, tupa, endesha."

Akatoa kila themostati aliyoweza kuifikia, ya gari letu ikiwamo. Madereva wa malori ya mahindi na wa magari ya watalii walisema, "Langu limeshatolewa," kwa fahari ya mtu aliyeng'olewa jino bovu. Nasi tuliokuwa tukimsikiliza akihubiri joto la Afrika tulikuwa tumevaa makoti. Karatu mwezi wa saba si mahali pa kuhubiri joto, na kule juu kwenye ukingo wa kreta ukungu hushuka mchana kweupe, na ng'ombe hutoa moshi puani. Hakuna aliyecheka.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo hayo hatukufika. Tulilipita geti la hifadhi vizuri, tukaanza kupanda, na kabla msitu haujawa mzito geji ya joto ilikuwa imelala upande mwekundu. Dereva alisimamisha. Alikuwa Mwiraki wa makamo, mtu wa Mbulu, mpole, aliyekuwa akiliita gari "huyu" kama anayesema habari za mnyama. Tukangoja lipoe, tukaongeza maji, tukapanda kidogo, likachemka tena. Nyuma ya gari, chini ya turubai, walikuwapo akina mama wa Kimasai tuliowapa lifti kutoka sokoni, na magunia yao ya unga yalikuwa yamewafika magotini.

Lori lililokuwa likishuka likapunguza mwendo. Utingo akachungulia.

"Mama, chai bado?" akapaza sauti. "Tia majani kabisa, tushuke tunywe!"

"Sukari mnayo?" nilimjibu. Sukari ilikuwa haipatikani nchi nzima, basi wakacheka hadi kwenye kona.

Sisi hatukucheka. Muuguzi alikuwa amefungua sanduku, ameingiza mkono. Aliutoa ukidondosha maji.

"Dada," aliniambia, "imebaki kama kipande cha sabuni."

Tulisimama tena mahali ambapo bonde lote la kreta lingeonekana kama si ukungu. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba dereva alijifunga taulo shingoni. Na hapo, mvuke ukitoka kwenye kifuniko cha rejeta kwa mlio wa nyoka, niliweka kiganja changu chini ya rejeta, ile sehemu ya chini kabisa ambako maji yaliyokwisha kupoa hurudi kwenye injini. Nilitarajia kuungua. Chuma kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Mzee, shika hapa," nilimwambia dereva.

Alishika. "Iko baridi," alisema, na akanitazama kana kwamba nilikuwa nimefanya mazingaombwe.

"Na injini inachemka."

"Inachemka."

"Basi maji ya moto hayaji huku."

Alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa, bali kama mtu anayeombwa kufikiri jambo asilolipwa kulifikiri. Muda mfupi baadaye barafu ilikwisha. Muuguzi aliongea na zile chupa kwa sauti ya chini, akazivunja shingo moja moja, akamwaga chanjo majanini kando ya barabara, kwa sababu sheria ya kazi yake haikumruhusu kumchoma mtoto dawa iliyokufa. Akina mama walishuka na magunia yao, wakaanza kutembea. Sisi tuligeuza gari. Upande wa pili wa mlima watu walitungoja mpaka walipochoka.

Ofisini niliulizwa swali moja tu. Mkuu wetu wa kazi, mwanamume nadhifu aliyependa kupigia mstari maneno yake kwa kalamu hewani, aliuliza, "Mlibeba nani?"

Nikamwambia.

"Ndiyo hayo," akasema. "Gari la serikali mmelifanya punda."

Nilieleza habari ya rejeta baridi. Aliniacha nimalize, kisha akamwita fundi, na fundi alikuja na watu wengine wawili ambao hawakuwa na kazi yoyote pale isipokuwa kuwa wanaume karibu na bonneti iliyofunguliwa. Wakainama wote. Mmoja akasema ni feni belti. Mwingine akasema ni rejeta imejaa kutu. Fundi akasema ni uzito, na afadhali alikuwa amekwisha kuitoa themostati, maana ingekuwamo injini ingekuwa imekufa siku nyingi.

"Kabla hujaitoa lilikuwa halichemki," nilisema.

"Dada yangu," alijibu kwa upole ule unaochoma kuliko tusi, "wewe ulisomea maendeleo, mambo ya mbele. Si ndiyo? Basi haya ya nyuma niachie mimi."

Wakacheka. Mkuu wangu naye alicheka.

Usiku ule nilikumbuka nyumbani kwetu Kilimanjaro, na mfereji uliopita juu ya shamba la baba. Maji ya mfereji hayana adabu: ukiyaachia njia mbili, fupi na ndefu, huenda fupi. Shamba la mbali hukauka huku la karibu likifurika, mpaka mtu atwae bonge la udongo lenye nyasi na kuziba mdomo wa karibu. Wasichana hatukuruhusiwa kugusa mfereji, wala kukaribia banio lake, pale maji yanapozuiwa. Ilikuwa kazi ya wanaume na mwiko wao. Lakini hakuna aliyetufumba macho. Nilikuwa nimeona mara maelfu jinsi kipande cha udongo kinavyoyaamrisha maji.

Asubuhi nilifungua bonneti mwenyewe kabla watu hawajafika ofisini, nikafuata mipira ya maji kwa kidole. Uko mmoja mnene unaokwenda kwenye rejeta. Na uko mwingine, mfupi, mwembamba kiasi, unaotoka palepale ilipokuwa themostati na kurudi moja kwa moja kwenye pampu. Ndiyo njia fupi. Nikaelewa kwamba kile kidude cha shaba kilikuwa na kazi mbili: kilipofunguka kuelekea rejeta, kilikuwa pia kikiuziba mdomo wa mpira huu mfupi. Fundi alikuwa ameng'oa mlango na kizibo kwa mkono mmoja. Katika barabara tambarare injini ilivumilia. Mlimani, maji ya moto yalizunguka humohumo kwa njia ya mkato, na rejeta ikabaki ikipigwa na upepo bila kazi.

Nilikwenda gereji kuomba themostati yetu. Fundi aliutazama ule waya wake juu ya mlango.

"Ya kwenu ni ipi sasa?" aliuliza. "Zote ni ndugu."

"Nipe inayofanana."

"Nikupe ukaue gari, halafu nionekane mimi?" Akageuka akaendelea kufungua tairi.

Na hapo ndipo habari ya surua ilipofika. Aliileta mzee mmoja wa Kimasai aliyekuja kununua mahindi: watoto wa Olbalbal wameanza kutoka vipele. Kliniki ilikuwa imepokea chanjo nyingine kutoka Arusha. Mkuu wangu alikuwa amekwisha kuamua kwamba gari halitavuka kreta tena mpaka ipatikane injini mpya, na sisi sote tulijua kwamba katika miaka ile, ambapo hata taa ya baiskeli ilitafutwa kwa barua ya ofisi, injini mpya ilikuwa namna ya kusema kamwe. Muuguzi alimkabili uso kwa uso. Sikuwapo, lakini aliporudi macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Ametoa ruhusa ya safari moja," aliniambia. "Bila abiria hata mmoja. Likichemka, gari linapelekwa wilayani Mbulu na halirudi. Huko Olbalbal ndiyo basi."

"Na watoto?"

"Amesema mama zao watembee waje Karatu."

Sijui kama msomaji anaijua barabara ile. Mama mwenye mtoto mgongoni, mwingine mkononi mwenye homa, apande ukuta wa kreta, apite msitu wa nyati, ashuke mpaka Karatu, achomewe sindano, arudi. Mtu aliyesema hivyo hakuwahi kuupanda mlima ule kwa miguu yake hata kona moja.

Tuliondoka kabla ya mapambazuko. Kabla ya geti nilimwambia dereva asimame. Nilikuwa na kipande cha mpini wa jembe, kilichochongwa kwa panga mpaka kikawa na unene wa ule mpira mfupi, na waya. Nilimweleza ninachotaka. Alishika usukani kwa mikono yote miwili kana kwamba ningemnyang'anya.

"Bibi Maendeleo, mimi nina watoto saba."

"Na kule kuna wangapi, mzee?"

"Fundi akijua—"

"Fundi hayumo garini."

"Gari likifa, watasema dereva."

"Watasema mwanamke," nilimwambia. "Umewasikia mwenyewe. Hata ukilitumbukiza kreta watasema mimi ndiye niliyekaa vibaya."

Muuguzi, aliyekuwa amelikumbatia sanduku lake nyuma, akasema, "Mzee, mimi barafu yangu haisikilizi maneno. Inayeyuka tu."

Dereva alishuka. Alilegeza klipu ya mpira kwa bisibisi, maji kidogo yakamwagika, akakisukuma kile kijiti ndani kwa kiganja, akakirudishia mpira, akaufunga kwa waya juu yake mpaka mishipa ya mikono ikamtoka. Kisha akajaza maji, akafunga kifuniko, akafanya ishara ya msalaba. Alikuwa Mkatoliki mzuri, na sikuona sababu ya kumzuia.

Tukapanda. Nilikuwa nimeitazama geji ile mara nyingi kiasi kwamba niliweza kuichora, na sasa niliitazama ikipanda mpaka katikati, ikasita, ikakaa. Tulipita mahali pa kwanza tulipochemkia. Tukapita pale utingo alipotuomba chai. Juu kabisa, ndani ya ukungu, nilimwomba asimame dakika moja. Nikashuka, nikaweka kiganja chini ya rejeta.

"Vipi?" dereva aliuliza kupitia dirishani.

"Moto."

"Mbaya?"

"Moto mzuri. Twende."

Akacheka peke yake mpaka tulipoanza kuteremka. "Mpini wa jembe!" alisema mara kwa mara, akiupiga usukani. "Huyu alikuwa anataka jembe!"

Barafu ilikuwa bado ina pembe tulipofika. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa miiba, shanga zao zikisikika kabla sura hazijaonekana vizuri. Muuguzi aliwatenga mara moja: wenye vipele upande huu, wasio navyo upande ule. Upande wa wenye vipele haukuwa mdogo. Alichoma sindano mpaka chupa zikaisha, kisha akaenda kwa wale wengine na dawa ya macho na maneno ya kuwapa maji kwa wingi, kwa maana hakuwa na zaidi.

Mama mmoja alikuwa na watoto pande zote mbili. Mdogo, aliyekuwa mgongoni, alichomwa, akapiga kelele za afya. Mkubwa alilala mapajani mwake macho yakiwa yamefumba kwa tongo. Mama yule alijua Kiswahili cha sokoni, kifupi na kisicho na mapambo.

"Mwezi ule nilikuja hapa," aliniambia. "Huyu alikuwa anakimbia." Akagusa kichwa cha yule mkubwa. "Mlikuwa wapi?"

"Mlimani. Gari lilikuwa linachemka."

Akaligeukia gari. "Leo halichemki?"

"Leo halichemki."

"Mmelifanya nini?"

Nilitaka kumpa maelezo yanayolingana na alilopoteza. Sikuwa nayo. "Tumeweka kijiti," nilisema, nikamwonyesha kwa vidole urefu wake.

Aliutazama mkono wangu.

"Kijiti tu?" akauliza.

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi yangu, na wakaguzi na wageni na wakubwa. Hakuna lililonikaa kama hilo. Lilikuwa swali walilopaswa kuulizwa wengine, watu waliokuwa Karatu wakiota jua mbele ya gereji, lakini mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Yule mtoto aliishi. Jicho lake la kushoto lilibaki na utando mweupe.

Tuliporudi, gari likiwa limekwenda na kurudi bila kutoa hata moshi wa sigara, mkuu wangu alitoka nje kulipokea. Fundi alikuwa naye. Nilieleza yote: mpira mfupi, njia ya mkato, kijiti. Nilifungua bonneti ili waone.

Fundi hakuinama. "Mti utengeneze injini?" aliwauliza waliokuwapo. "Haya, jamani! Tutafunga gereji tuuze kuni."

"Mlibeba nani?" mkuu wangu aliuliza.

"Hatukubeba mtu. Uliagiza hivyo."

Akapiga mstari wake hewani. "Basi. Jibu si hilo? Gari ni zima. Lilikuwa linalemewa na wale mama." Na papo hapo ikatolewa amri kwamba safari za Olbalbal ziendelee, lakini mwanamke yeyote asipewe lifti. Ushahidi wangu wote ulikuwa umechukuliwa mbele ya macho yangu ukapewa mwenye kosa.

Mwezi uliofuata, karibu na geti, akina mama walikuwa wamesimama na magunia yao ya unga. Hawakupunga mkono, habari ya amri ilikuwa imewafikia. Nilimwambia dereva asimame.

"Bibi Maendeleo, ile amri—"

"Ile amri ni ya joto, mzee. Geji ikipanda, nitashuka mimi wa kwanza nitembee nao."

Akawafungulia turubai. Walipanda wakicheka kwa wasiwasi, mmoja akamvuta mwenzake kwa mkufu wa shanga nusura ukatike, magunia yakafuata, na gari likainama nyuma kama mbuzi anayenyonyesha. Tuliupanda mlima wote. Geji ilikaa katikati.

Sikuficha. Asubuhi yake nilikwenda mwenyewe ofisini kwa mkuu, nikamwambia nilivunja amri, nilibeba watu wengi kuliko siku ile ya kwanza, pamoja na magunia, na gari halikuchemka. Nilingoja. Nilifikiri hata mtu wa aina yake hana tena mahali pa kukimbilia.

Alitazama nje ya dirisha, kwenye shamba la ngano lililokuwa likiyumba.

"Jana kulikuwa na baridi," akasema.

Nikamwambia kwamba mlima ule una baridi kila siku ya Mungu, na ulikuwa na baridi siku ile muuguzi alipomwaga chanjo majanini. Alivuta faili lingine karibu, akaanza kusoma, nami nikatoka bila kuagwa. Niliendelea kuwapakia akina mama wale kila mwezi mpaka nilipohamishwa, mchana kweupe, mbele ya geti, mbele ya kila mtu. Amri haikufutwa, na hakuna aliyethubutu kuniuliza.